Nyota yako haijaibiwa



Ukipita Mwanjelwa jijini Mbeya, au Mashine Tatu pale Iringa, tazama nguzo za umeme na kuta za vibanda. Utakuta karatasi na vibao vidogo vyenye namba ya simu: mganga anasafisha nyota, anamrudisha mume aliyeondoka, anavuta wateja dukani. Matangazo hayo tumeyazoea kiasi kwamba hatuyasomi tena.

Kinachonifanya niandike leo ni kwamba lugha ile ile imevuka barabara ikaingia kwenye baadhi ya nyumba za ibada. Katika mikesha mingine muumini huambiwa kuwa alizaliwa na nyota kubwa, lakini imeibiwa. Shangazi ameifunika, au mfanyakazi mwenzake ameichukua na ndiyo anayoitumia kupanda cheo. Kisha hutajwa sadaka maalum ya kuikomboa. Mama ambaye biashara yake ya nyanya ilikufa kwa sababu mtaji uliishia kwenye ada za watoto anarudi nyumbani usiku huo akimtazama wifi yake kwa jicho jingine. Fedha aliyoitoa anaweza kuipata tena msimu ujao. Undugu uliovunjwa kwa tuhuma ya namna hiyo, sijui ni msimu gani utaurudisha.

Na tusidhani mambo haya huishia kwenye maneno. Mwanzoni mwa mwaka 2019 majirani zetu wa Njombe, mkoa ambao hadi 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, walizika watoto waliouawa, na viongozi wa serikali walisema wazi kuwa imani za kishirikina za kutafuta utajiri zilihusika. Sisemi kwamba kila anayeombewa nyota ana hatia ya damu, la hasha. Nasema wazo lililo chini ya yote mawili ni moja: kwamba baraka ni kitu kinachoweza kunyang'anywa kwa mtu mmoja na kupewa mwingine, na kwamba yuko mtaalamu anayejua namna ya kukihamisha.

Basi naomba leo tufanye jambo ambalo kanisani hatulifanyi mara nyingi. Tuzitazame nyota zenyewe.

Nyanda za Juu Kusini tumepewa anga nzuri. Usiku wa Juni au Julai, baridi ikiwa imekaza na mawingu ya masika yamekwisha, toka nje mahali pasipo na taa ugeukie kusini. Utaona nyota nne zilizokaa mfano wa msalaba. Ndio Msalaba wa Kusini. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazoelekeza kwenye msalaba huo. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba huitwa Alpha Centauri, nayo ni miongoni mwa majirani wa karibu kabisa wa jua letu. Karibu, lakini kwa kipimo cha huko. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka jua hadi hapa tulipo unatumia dakika 8 tu. Kutoka nyota ile unatumia zaidi ya miaka 4. Kama kungekuwa na basi la kwenda huko kutoka stendi ya Mbeya, likikimbia kilomita 100 kwa saa usiku na mchana bila kusimama kwenye mizani wala kwa trafiki, lingehitaji zaidi ya miaka milioni 40.

Kwa macho nyota ile ni nukta moja, lakini vyombo vinaonyesha nyota zaidi ya moja, na mbili kati yake zinakaribia kufanana na jua letu. Jua nalo, ukipanga dunia kama yetu kwa mstari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, zitaingia 109. Ni moto mtupu, joto lisilosogelewa. Sasa niambie, msomaji wangu, ni shangazi gani aliyekichukua kitu hicho akakitia kwenye kibuyu?

Najua jibu litakuwa kwamba nyota inayozungumzwa ni ya rohoni. Sawa. Lakini Maandiko yenyewe yanazungumzaje? Fungua Mwanzo sura ya 1, siku ya nne. Utaona jambo la ajabu: jua na mwezi hazitajwi kwa majina. Zinaitwa mianga tu, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na nyota zinaongezwa mwishoni kwa maneno machache, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni. Waliosikia maneno hayo mara ya kwanza waliishi kati ya mataifa yaliyoliabudu jua, yaliyouabudu mwezi, na yaliyosoma bahati ya wafalme katika nyota. Mwandishi anapokataa hata kuyataja majina anawaambia watu wake kwamba hizo ni taa. Zimetundikwa, zimepewa kazi ya kuangaza na kuhesabu majira. Kumbukumbu la Torati 4:19 inawaonya wasije wakainua macho, wakaziona, wakavutwa kuziabudu. Isaya 47 inawacheka wanajimu wa Babeli ambao hawakuweza kujiokoa wenyewe, sembuse mji wao.

Utaniambia, "Lakini Mathayo 2 inasema mamajusi waliiona nyota yake." Ni kweli, na ndio mstari unaotumika zaidi katika mahubiri haya. Usome polepole. Kwanza, nyota ile ilikuwa ishara ya Mfalme mmoja; hakuna mahali Mathayo anaposema kila mtoto anayezaliwa Rujewa au Kilolo anayo ya kwake. Pili, nyota haikumpa Yesu kitu chochote. Haikumkinga na Herode. Aliyemwokoa ni Mungu aliyesema na Yusufu katika ndoto, wakakimbilia Misri. Tatu, na hili hulipita haraka sana, mamajusi walifuata nyota hadi Yerusalemu wakalazimika kuuliza njia. Walielekezwa Bethlehemu kwa maneno ya nabii Mika yaliyosomwa kutoka kwenye kitabu. Wataalamu wa nyota wa Mashariki walihitaji Maandiko ili wafike, na walipofika hawakuisujudia nyota.

Hofu ya anga haiko kwa nyota peke yake. Wengi wetu tunaikumbuka Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa. Kivuli cha mwezi kilianzia bahari ya Atlantiki, kikavuka Gabon na Kongo, kikaingia Tanzania, kisha kikaendelea Msumbiji na Madagaska. Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga ya Usangu, ikawa mahali ambapo watu wa mbali na wa karibu walikuja kusimama. Wanafunzi walikuwepo, wageni kutoka nje walikuwepo. Kabla kidogo ya saa sita mchana mwezi uliingia katikati ya jua, na kwa muda wa dakika chache ikabaki pete nyembamba ya moto angani. Iringa, walio nje ya njia ile, waliona jua limemegwa sehemu kubwa likabaki kama mwezi mchanga.

Lugha yetu yenyewe inasema jua "limepatwa", kama mtu anavyopatwa na msiba au ugonjwa. Haishangazi kwamba wako waliojifungia ndani na wako waliosema mwisho umefika.

Lakini kuna waliokuwa wakiingojea saa hiyo kwa miezi. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaeleza Watanzania habari za anga, alikuwa ametangaza mapema siku, mahali na namna ya kulitazama bila kuumiza macho. Hakufunuliwa kwa ndoto. Ni hesabu. Mwezi unazunguka dunia kwa mwendo unaojulikana, na mara kwa mara unapita kati yetu na jua. Jua ni pana kuliko mwezi karibu mara 400, lakini pia liko mbali kuliko mwezi karibu mara 400, hivyo machoni petu vinalingana. Mwezi ukiwa karibu kidogo unalifunika jua lote. Ukiwa mbali kidogo, kama siku ile, unabakiza pete. Hesabu za miaka ijayo nazo zimekwisha kufanyika. Jumatano tarehe 21 Mei 2031, asubuhi, pete kama ile itapita tena juu ya Tanzania. Weka alama kwenye kalenda, na uwaonye watoto wasitazame jua kwa macho matupu wala kwa miwani ya kawaida.

Hapa kuna hoja ambayo ningependa kila mhubiri aipime kabla ya mwaka 2031. Bwana wetu alisema katika Marko 13:32 kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika. Kupatwa kwa jua kunajulikana saa, dakika na sekunde, miaka mingi kabla. Tena hutokea angalau mara mbili kila mwaka mahali fulani duniani, na kumekuwa kukitokea tangu kabla ya Abrahamu. Jambo linalojulikana hivyo haliwezi kuwa ndilo linalotangaza siku isiyojulikana. Najua Luka 21:25 inataja ishara katika jua na mwezi, nami naiamini. Ila chochote itakachokuwa ishara hiyo, haitakuwa kitu kilichoandikwa kwenye kalenda ya mwalimu wa fizikia.

Na vipi lile giza la Ijumaa Kuu? Luka 23 inasema giza lilianza saa sita likaendelea hadi saa tisa. (Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati hapa: saa ya Luka ndiyo saa yetu, huhesabiwa tangu asubuhi, hatuhitaji kuibadilisha.) Wapo waliosema ilikuwa kupatwa kwa jua tu. Elimu ya anga inakataa, na inakataa kwa sababu ambayo mwandishi Mkristo Julius Africanus aliitaja tangu karne ya 3. Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu, wakati mwezi uko upande wa pili, jua upande huu. Jua haliwezi kupatwa isipokuwa mwezi ukiwa mwandamo, umeingia kati. Isitoshe, jua likifunikwa lote, giza halizidi dakika 7 na nusu mahali pamoja. Luka anasimulia saa tatu. Kwa hiyo anayejua mwendo wa mwezi husimama mbele ya Golgotha akiwa na mshangao mkubwa zaidi kuliko asiyejua. Giza lile halikuwa zamu ya mwezi.

Yeremia 10:2 inawaambia watu wa Mungu wasitishwe na ishara za mbinguni, ingawa mataifa yanatishwa nazo. Nabii huyo huyo, sura ya 31, anachukua utaratibu wa jua, mwezi na nyota kuwa dhamana: kama utaratibu huo ungevunjika, ndipo na agano la Mungu na watu wake lingevunjika. Mimi naisoma pete ya Rujewa kwa mstari huo. Ilikuja kwa dakika iliyotabiriwa. Aliyeipangia mwendo hakubadili nia.

Sasa twende upande wa Tunduma. Ukitoka Mbeya, ukapita Mbalizi, unaingia Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Huko, Wilaya ya Mbozi, kijiji cha Ndolezi, ndiko kilipo Kimondo. Wenyeji walikijua kabla ya mzungu yeyote. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alikitambulisha kwa wanasayansi. Kilikuwa kimezama ardhini, ikachimbwa pande zote hadi kikabaki kimekaa juu ya nguzo ya udongo, ambayo baadaye iliimarishwa kwa zege. Kina urefu wa mita 3 hivi, na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Asilimia 90 ni chuma, karibu 9 ni nikeli. Ni kati ya vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Shule nyingi za mikoa yetu hupeleka wanafunzi huko, na nashangaa kwamba shule za Jumapili haziendi.

Kimondo kinatupa kazi mbili za kufikiri. Ya kwanza ni ya lugha. Tunasema kilianguka "kutoka mbinguni", kwa sababu Kiswahili hutumia neno moja, mbingu, kwa mahali mvua inapotoka na kwa makao ya Mungu. Hapo ndipo mtoto huuliza kama chombo kikipaa sana kinaweza kumfikia Mungu, na mtu mzima husogelea jiwe kwa woga kana kwamba limetoka mikononi mwake moja kwa moja. Sulemani alishajibu siku ya kuliweka wakfu hekalu, 1 Wafalme 8:27: hata mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu. Yeye hakai mwisho wa anga, kama vile fundi hakai ndani ya ukuta alioujenga. Na katika Matendo 19:35 kuna mji mzima, Efeso, uliojivunia kitu kilichoanguka kutoka juu. Mji huo ulikitunza, ukakiabudu, ukafanya biashara kubwa kwa jina lake. Mahubiri ya Paulo yalipotishia mapato, mafundi wa fedha ndio waliokuwa wa kwanza kupiga kelele. Mtu akikuuzia unga wa Kimondo uweke chini ya mto, mkumbuke Demetrio.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi. Wataalamu wanaopima vimondo vya chuma wanasema viliumbika mwanzoni kabisa mwa familia ya jua letu, miaka zaidi ya bilioni 4.5 iliyopita. Chuma chenyewe ni cha kale zaidi: kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua halijakuwepo. Ni chuma cha aina hiyo hiyo kilicho katika damu yako, gramu 3 au 4 kwa mwili mzima. Mwanzo 2:7 inasema tu mavumbi. Ukisimama Ndolezi na mkono wako juu ya chuma kile baridi, unaanza kuona neno mavumbi linabeba nini, na Neno alipofanyika mwili alichukua nini.

Kijana wa kidato cha tatu anayesikia bilioni 4.5 darasani Jumatatu, na Jumapili akasikia kwamba dunia ina miaka 6,000, atamuuliza nani? Wengi hawaulizi. Wanakaa kimya, wanamaliza shule, wanakwenda chuo, na kanisani tunawaona Krismasi. Hatukuwapoteza kwa sababu ya Biblia, kwa maana Biblia haina mstari unaotaja miaka 6,000. Hesabu mashuhuri ya namna hiyo ilifanywa na Askofu James Ussher wa Ireland karne ya 17, aliyefikia mwaka 4004 kabla ya Kristo kwa kujumlisha vizazi, na baadaye ikachapwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza. Alikuwa msomi mwaminifu akifanya alichoweza. Lakini pembeni mwa ukurasa si ukurasa.

Miaka 1,600 iliyopita, Mwafrika mwenzetu Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kuhusu Mwanzo. Alikuwa na shaka kama siku sita zile ni siku kama zetu. Alionya pia kwamba asiyeamini anaweza kuwa anajua vizuri mwendo wa nyota na ukubwa wake, kwa vipimo na kwa kuona. Akimsikia Mkristo anasema upuuzi juu ya mambo hayo huku akidai ndivyo Maandiko yasemavyo, atatuaminije tukimweleza habari za ufufuo? Agostino hakuwa na darubini. Alikuwa na uchungu wa mchungaji.

Na kijana huyo akikuambia kwamba wanasayansi wamethibitisha ulimwengu ulianza wenyewe, mweleze habari za padri. Georges Lemaître wa Ubelgiji alipewa upadri mwaka 1923, na mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unatanuka. Baadaye, mwaka 1931, akapendekeza kuwa vyote vilianzia kwenye kitu kimoja kidogo sana. Ndiye chimbuko la nadharia ambayo leo inauhesabia ulimwengu umri wa miaka bilioni 13.8. Papa Pius XII alipoelekea kuitumia nadharia hiyo kama ushahidi wa uumbaji, padri huyu hakufurahi. Alitaka sayansi ibaki sayansi na imani isitegemee hesabu inayoweza kusahihishwa kesho. Alifariki 1966, muda mfupi baada ya kupata habari kuwa joto lililobaki kutoka mwanzo ule limegunduliwa. Zile chenga za televisheni za zamani, stesheni ikiwa haijashika, sehemu yake ndogo, kama asilimia 1, ilikuwa mnong'ono wa mwanzo huo. Tuliupiga kofi mara nyingi.

Namaliza na Ayubu, kwa sababu nadhani ndiye anayemjibu yule mama wa nyanya.

Ayubu amezika watoto kumi. Mali imekwisha, mwili umejaa majipu. Marafiki wamemkalia wakimweleza kuwa lazima kuna chanzo, lazima kuna kosa. Wangekuwa wa siku zetu wangemwambia nyota yake imeibiwa, na wangemtajia aliyeiiba. Mungu anapomjibu hatimaye, sura ya 38, hamtajii adui. Hata habari ya Shetani iliyo sura ya kwanza hamwelezi. Anamtoa nje, kama tunavyotoka usiku wa baridi, anamwonyesha bahari, theluji, mapambazuko, kisha anamwuliza habari za nyota: je, wewe ndiye unayekifunga Kilimia? Wengine huutumia mstari huo kudai kwamba Biblia ilifundisha nguvu za uvutano kabla ya wanasayansi. Sidhani. Mungu alikuwa akizungumza na mtu aliyefiwa, hakuwa akitoa somo la fizikia.

Lakini neno Kilimia linanigusa. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyokamilika 1952 walikuta jina hilo tayari mdomoni mwa watu, limetoka katika kulima, wakaliweka katika kitabu cha Ayubu na cha Amosi. Kundi lile ambalo mzee wetu wa shamba alilitazama kujua majira ndilo ambalo Mungu alimwonyesha mtu wa Usi. Liko mbali kiasi kwamba mwanga unaoliona leo uliondoka huko miaka kama 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Umesafiri wakati wote huo, vita vikaja vikapita, mababu wakazaliwa na kuzikwa, na hakuna aliyeuzuia njiani.

Mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikikaribia na watu wakitengeneza mashamba ya mahindi, Kilimia huchomoza mashariki mara giza linapoingia. Kwa macho utahesabu nyota sita, pengine saba. Kwa darubini ndogo ni makumi. Mwite mtoto aliye karibu nawe, na huyo wifi pia, muwe nje pamoja. Ayubu 38 mnaweza kuisoma kesho yake asubuhi.